Gorfa Inayonuka Karafuu

Wasemao hasira hasara hawajaiona yangu ikifanya kazi. Mimi Kabale, mjane wa Dadacha, nilimwoza binti yangu Abiba ndani ya seng'enge, katika ile miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa msituni, ambapo bula yetu, yaani mtaa wetu wote pale Isiolo, ilizungushiwa waya kama mbuzi wa mnada. Aliyenikataza kufanya sherehe alikuwa na bunduki, Land Rover na mihuri. Mimi nilikuwa na ng'ombe watatu na gorfa moja ya maziwa. Sasa nikueleze nani alishinda.

Ng'ombe wetu wengine walikuwa wamechukuliwa. Walituambia wanachukuliwa kwa ajili ya usalama, na mpaka leo sijui ng'ombe alikuwa anamtishia nani. Hawa watatu niliachiwa kwa sababu moja tu: maafisa walipenda chai ya maziwa. Maziwa ya mkebe yalitoka mbali kwa lori, na lori lilikuja likipenda, barabara zikiwa vile zilivyokuwa. Kwa hiyo nikapewa pasi. Kila asubuhi nilipita kwenye geti na maziwa yangu, nikaanzia jikoni kwa maafisa, nikamalizia kwa Wahindi wa madukani, kisha nikarudi ndani kabla ya jua la utosi. Bila pasi ile mimi na binti yangu tungekula posho kavu kama wengine, na hiyo posho yenyewe nitaieleza.

Abiba alipochumbiwa na Abduba, kijana wa nyumba ya nne kutoka kwetu, nilivaa leso yangu nzuri nikaenda kwa afisa mkubwa kuomba ruhusa. Tulimwita Afande tu. Pembeni yake alisimama Jaldesa, Mborana mwenzetu wa Kulamawe, aliyeajiriwa kuwa mkalimani. Mimi Kiswahili nilikijua Jaldesa akiwa bado analia kifuani kwa mamake, lakini alisimama hapo akitafsiri hata nilipokohoa.

"Afande," nikasema, "msichana yangu anaolewa Alhamisi. Naomba ruhusa ninunue mchele na vitu ya pilau, na watu wakuje kwangu wakule."

"Watu gani?"

"Bula yote. Harusi ni ya watu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, iko vita. Watu wakizidi watano kwa nyumba moja, huo ni mkutano. Na mchele hapana. Mchele ikitoka dukani inaenda msituni kulisha shifta. Si mnapewa posho? Mwoze na posho."

"Msichana ya mtu anaolewa na posho?"

"Tumbo haijui harusi," akasema. "Ikishiba imeshiba."

Jaldesa akaanza kunitafsiria. Nikamwambia anyamaze, nimesikia.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Posho yenyewe ilikuwa mahindi ya njano, magumu, yaliyosemekana yametoka ng'ambo, nayo yalinuka gunia hata ukiyachemsha mpaka kuni ziishe. Mtoto wangu wa pekee, niliyemlea bila baba, atolewe nyumbani kwa harufu ya gunia! Na mwenye kusema hivyo alisema huku akichovya mandazi kwenye chai ya maziwa ya ng'ombe wangu.

Pengine utauliza, pilau ina nini? Wengine huoza kwa kadi, wengine kwa ngoma. Sisi wanawake wa bula tulikuwa na desturi yetu. Siku ya harusi mama wa binti huanza kukaanga bizari mapema, mlango wazi, na harufu ndiyo inayoita watu. Ikikufikia ulipo, umealikwa, hata kama jana tuligombana kisimani. Basi nyumba isiyotoa harufu haijamwalika mtu, na binti aliyetoka nyumba isiyomwalika mtu huitwa aliyetoroka. Angeitwa hivyo mpaka azeeke. Ndiyo maana sikulala nikijiambia yataisha.

Nikafikiri. Mchele una uzito na unaonekana, nyama ndiyo usiseme. Lakini bizari ni vumbi. Na kazi ya kualika ni ya bizari, mchele huja nyuma yake tu.

Asubuhi nikapita kwenye geti na maziwa yangu. Siku hiyo, pamoja na mkebe, nilibeba gorfa.

Gorfa ni chombo cha maziwa cha Kiborana, kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimekazwa hata maji hayatoki. Hii alinisukia marehemu mama yangu kule Biliqo nilipoolewa. Gorfa haioshwi kwa sabuni. Inasafishwa kwa moshi: unachoma kijiti cha mti unaofaa, unatia kijinga chake cha moto ndani, unasugua mpaka ukuta wa ndani uwe mweusi, na maziwa yake yana ladha ambayo ukiikosa unaiota. Hii yangu haikuwahi kujua kitu kingine ila maziwa na moshi. Na kwa desturi, Alhamisi ingekuwa ya Abiba, aende nayo kwake.

Duka nililolitaka lilikuwa la Hirji. Mbele palikuwa na kaunta, magunia ya dengu na choroko, ukwaju uliobanwa kama matofali, chupa za achari ya maembe, na ukutani makopo ya bizari yaliyopangwa hadi darini. Nyuma palikuwa na jikoni la mkewe, Maniben, na mimi nilipita nyuma tangu nikiwa msichana. Ni Maniben aliyenifundisha bizari. Yeye nyama hali kwa dini yake, lakini bizari anazijua kama ninavyojua ng'ombe. Nilichukua elimu yake nikaenda kuitia kwenye mbuzi, naye miaka yote akajifanya hajui.

Nikamweleza Maniben shida yangu. Hirji akasikia kutoka dukani, akachungulia pazia. Alikuwa mtu mwembamba mwenye huruma na woga, na vyote viwili vilionekana usoni kwa wakati mmoja.

"Kabale, wewe najua sheria," akasema. "Watu ya bula, mimi nauza chumvi na kiberiti tu. Wakifunga duka yangu, mimi naenda wapi? Mimi nimezaliwa hapa hapa, Isiolo."

"Najua, Hirji. Sitaki kukuharibia."

Maniben alikuwa anakanda unga. Hakuinua macho. "Sheria inasema duka isiuze watu ya bula," akasema. "Inasema duka isiuze bibi yako?"

"Maniben..."

"Bizari yangu imekwisha. Mimi nataka bizari."

Akajifuta mikono, akazunguka kwa mlango wa nje, akaingia dukani kwa mbele na kikapu kama mteja yeyote. Mimi nikabaki jikoni, nyuma ya pazia, na pembe ya kiti cha Maniben ikinichoma mgongo. Katika maisha yangu sijawahi kununua vitu kwa namna ile, wala sijawahi kufurahia ununuzi kama ule.

"Nipe iliki," Maniben akasema.

Hirji akafungua kopo. Maniben akachukua punje chache, akasogea karibu na pazia kana kwamba anatafuta mwanga, mkono wake ukapenya kwangu. Nikapasua punje moja kwa kucha. Mbegu zilikuwa kavu, za kijivu, hazinati.

"Ya mwaka jana hii," nikanong'ona.

"Ya mwaka jana hii!" Maniben akamwambia mumewe.

"Nani anasema?" Hirji akauliza, ameumia.

"Pua yangu."

Nikasikia anasogeza ngazi, anapanda, anashusha kopo lingine. Iliki ya pili ilikuwa ya kijani, na mbegu zake nyeusi ziling'ang'ania kidole. Nikaikubali. Mdalasini wa kwanza ulikuwa mnene kama gome la kuni, nikaurudisha, tukapata ule mwembamba unaojikunja. Bizari nyembamba, ile wenyewe wanaiita jira, niliisugua kiganjani mpaka ikapata joto, nikanusa, nikaona mbele yangu harusi yangu mwenyewe, na Dadacha mwenye kilemba kisichomkaa. Machozi yakanitoka. Nikajiambia ni vumbi la bizari.

Tulikuwa kwenye karafuu wakati mlango wa duka ulipogonga na buti zikaingia. Askari.

"Sigara," sauti ikasema.

Hirji hakujibu. Nilijua amekauka. Hapo Maniben akapandisha sauti hata mimi nikashtuka: "Hii ni karafuu? Hii ni karafuu, au ni misumari ya kutu? Miaka yote nimekaa na wewe, unanipa mimi takataka, nzuri unawekea watu!"

Askari akaangua kicheko. "Mzee, mpe mama karafuu, usiuawe."

Hirji akampa sigara kwa mkono unaotetemeka, na askari akatoka anacheka, labda akidhani mkono unamtetemeka kwa kumwogopa mkewe. Hakuwa amekosea sana. Karafuu iliyofuata ilikuwa nono, yenye vichwa vyake vyote, ukiibonyeza inatoa mafuta. Hirji mwenyewe aliongeza pilipili manga bila kuombwa, akaipitisha chini ya pazia bila kusema neno. Watu hufikiri mwoga hana moyo.

Tukasaga jikoni, mimi na Maniben, kwa jiwe lake. Kisha tukachanganya na samli mpaka ikawa uji mzito. Nikaivuta gorfa, nikafungua kifuniko chake.

Maniben akanishika mkono. "Kabale, hii si ya mama yako? Maziwa ndani ya hii tena..."

"Najua."

"Haitatoka. Karafuu haitoki."

"Ng'ombe wetu walikuwa zizi zima, wakachukuliwa," nikamwambia. "Mama alinipa chombo hiki nibebe kitu kizuri nimpelekee mtoto wangu. Kitu kizuri ambacho kimebaki ni hiki."

Nilisema kwa ukali, lakini niliumia. Nilipotia mkono wa kwanza wa bizari na kuipaka kwenye ule weusi wa miaka, ilikuwa kama ninampaka mama matope usoni. Nikapaka mpaka chini kabisa, nikakazia kwa kidole. Maniben akawasha kijiti nilichokuja nacho, nikafukiza, nikasugua masizi juu ya bizari. Ukichungulia ndani usingeona ila weusi. Nikamwaga maziwa kidogo mdomoni mwa gorfa, ionekane imetumika.

Maniben hakutaka malipo. Nikamwambia asubuhi zijazo asinilipe maziwa, tukabishana, akashindwa.

Siku zote getini palikuwa na askari wanaonijua, wananipitisha kwa mkono. Siku hiyo, nilipokuwa nikirudi, Afande mwenyewe alikuwa amesimama pale, na Jaldesa ubavuni. Kulikuwa na mtu aliyekamatwa na sukari ndani ya mkoba wa ngozi, kwa hiyo amri mpya ilikuwa kila chombo kifunguliwe. Nilitamani kurudi nyuma, lakini anayerudi nyuma getini ameshajihukumu. Nikaenda mbele kichwa juu.

"Fungua hiyo," Afande akasema.

Nikafungua. Akachungulia, akaona giza. Akamwambia Jaldesa: "Tia mkono. Angalia chini."

Jaldesa akaishika gorfa yangu, akaileta usoni kwanza. Nikaona pua yake inasita. Mtoto wa Kulamawe, amekunywa maziwa ya gorfa tangu hajaota meno, unamdanganyaje juu ya harufu ya gorfa? Akainua macho akanitazama. Nami nikamtazama. Sikumsihi. Nilimtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeshika kitu cha watu, nikangoja.

"Afande," akasema polepole, "hii kitu hatutiangi mkono. Mwanaume akitia mkono kwa gorfa ya mama ya watu, ni mbaya kwetu. Halafu mkono yangu iko na sabuni. Sabuni ikiingia hapa, maziwa ya kesho inaganda yote."

"Maziwa gani?"

"Ya chai yako, Afande."

Afande akafikiri. Unaweza kumtisha mtu kwa laana asisikie, lakini chai ni chai. "Inanuka nini?"

"Moshi," Jaldesa akasema. "Ndiyo desturi yao." Akanirudishia gorfa, akasema *yao*, kana kwamba si yake. Sikujua nimshukuru au nimzabe kofi. Nikapita.

Nyumbani Abiba aliifungua gorfa kabla sijakaa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Mama! Umefanya nini? Hii ni yangu!"

"Ni yako."

"Nyanya aliisuka hii! Nitaenda kwa Abduba na nini?"

Akalia, nami nikamwacha alie kwa sababu alikuwa na haki. Kisha nikamweleza maneno yote ya Afande, hata lile la tumbo. Nilikuwa nimemficha. Akaacha kulia. Abiba hana hasira ya kelele kama yangu. Yeye hunyamaza, akinyamaza jihadhari.

"Lakini watu hawawezi kuja," akasema baadaye. "Wakizidi watano ni mkutano."

"Nimesema waje? Watu wamekatazwa kuja harusini. Harusi haijakatazwa kuwaendea watu."

Usiku ule hatukufanya kitu, maana kutembea kulikatazwa. Asubuhi ya Alhamisi, baada ya kutoka kwa maziwa, nilitia samli ya moto ndani ya gorfa, nikakwangua, nikagawa. Wanawake walikuja mmoja mmoja kuomba moto, kama wanavyokuja kila siku, na kila mmoja akaondoka na kijiko kimoja ndani ya kikombe chini ya kaa lake. Nilimwambia kila mmoja maneno yaleyale: yaponde mahindi yako nusu nusu, punje ziwe kama mchele, kaanga kitunguu kama unacho, ukisikia adhana ya alasiri, tia bizari, na ufungue mlango.

Ndoa ilifungwa nyumbani kwangu. Sheria ya Afande tuliifuata. Ndani walikaa shehe, Abduba, mashahidi wawili na Abiba, basi hao watano. Mimi mama wa bibi harusi nikakaa kizingitini, nusu yangu ndani na nusu nje, anayetaka kunihesabu ajue atanikata wapi. Shehe alipomaliza, adhana ikalia.

Nikatia bizari kwenye samli.

Sijui nikuambieje. Kwanza ilikuwa harufu yangu peke yangu, nyumba yangu. Kisha ikaja ya jirani wa kushoto, kisha wa kulia, kisha ikaja kutoka kule chini karibu na waya, na kutoka kwa mzee Chachu ambaye hata mke hana, amepika mwenyewe. Bula yote ilinuka karafuu na iliki. Kwa miezi ile yote tulikuwa tumenuka moshi, vumbi na woga, nasi tukazoea. Watu walitoka wakasimama milangoni mwao, hawakusogea hatua, watano watano kama sheria inavyotaka, sahani mkononi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akapokea. Kikazunguka seng'enge nzima kikarudi kwangu, na nilipofungua kinywa nijibu, kikatoka kilio. Nililia waziwazi, sikumficha mtu.

Land Rover ikaja inatimua vumbi. Afande aliruka kabla haijasimama.

"Nani anapika pilau? Mchele iko wapi?"

Askari wakaingia nyumba ya kwanza, wakafunua sufuria: mahindi ya njano. Ya pili: mahindi ya njano. Walichoma magunia kwa vyuma, wakainua vitanda, wakachungulia mapipa ya maji. Bula nzima hawakupata punje moja ya mchele, wala kipande cha nyama, wala nyumba yenye watu sita. Afande alikuwa anatembea haraka mlango hadi mlango, uso umejaa jasho, na kila mlango harufu ikimpokea. Mwishowe akafika kwangu.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini, Afande? Uliniambia nimwoze na posho. Hii ni posho. Onja."

"Hii harufu imepita wapi?"

"Juu ya waya. Waya yako ni fupi."

Askari mmoja akakohoa kuficha kicheko. Afande akatupa macho nyumbani mwangu, akaiona gorfa juu ya mkeka. Safari hii hakumtuma mtu. Aliichukua, akatia pua yote ndani. Alipoitoa, alimtazama Jaldesa, na Jaldesa akatazama viatu vyake.

"Lete pasi," Afande akaniambia.

Nikampa. Akaichana mbele ya watu wote, vipande vikaanguka kwenye mahindi yangu. "Na ng'ombe nachukua. Kuanzia leo askari watakamua."

Wale ng'ombe watatu wakatolewa na ndama wao. Nilisimama nikawatazama wakipita getini, nikijua kesho tutakula nini. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini Abiba alitoka akasimama kando yangu na hina yake mikononi, akasema kwa sauti ya kutosha Afande asikie: "Mama, pilau inapoa." Tukaingia, tukala.

Sasa, Afande alijua bunduki, lakini hakumjua ng'ombe wa Kiborana. Ng'ombe wetu si bomba kwamba yeyote akifungua maziwa yanatoka. Anataka ndama wake aanze, anataka mkono anaoujua, na anataka kuimbiwa kwa jina lake. Mtu mgeni akimshika, anapandisha maziwa juu na kuyazuia. Askari wa kwanza alikaa chini na ndoo ya bati. Ndoo ilipigwa teke, ikaruka mpaka jikoni. Wa pili akamfunga ng'ombe miguu, hakutoa tone. Wakamkalisha Jaldesa, naye ni mwanamume, hajawahi kumwimbia ng'ombe wa mtu. Maafisa wakanywa chai ya rangi, na lori la mikebe halikuonekana. Kila asubuhi tulisikia ndoo ile ikilia kule boma, na bula yote ikacheka ndani ya blanketi.

Mwishowe Jaldesa akaja mlangoni kwangu. "Mama, Afande anakuita ukuje ukamue."

"Ng'ombe si wangu," nikamwambia. "Nilimpa Abiba siku ya harusi. Mwende mkamuulize mwenyewe."

Akaenda kwa Abduba, nyumba ya nne. Abiba akamsikiliza, akanyamaza kule kunyamaza kwake, kisha akataja masharti: ng'ombe warudi kwetu, pasi iandikwe upya kwa jina lake, na chombo cha kukamulia achague yeye. Jaldesa alibeba maneno hayo hadi kwa Afande. Sijui aliyatafsiri vipi, ila alirudi na pasi.

Nilikuwa nimejitolea kuisafisha ile gorfa, niichome moshi siku kucha, pengine harufu ipungue. Abiba akaikumbatia. "Usiiguse, mama," akasema. "Hivi ndivyo nilivyopewa." Akaenda boma nayo kuwafuata ng'ombe wake, akamwimbia ng'ombe wa kwanza kwa jina, na ng'ombe akashusha maziwa kama mvua.

Jaldesa ndiye aliyenisimulia lililofuata, na alinisimulia ameketi kwangu, anakula mahindi yangu, maana siku ile harufu ilimfikia na yeye. Chai ilipikwa. Afande akainua kikombe, akanywa kidogo, akasimama. Akatazama ndani ya kikombe. Akamwita binti yangu, akamuuliza maziwa haya yana nini.

"Ni ile harusi uliyokataza, Afande," Abiba akamjibu kwa adabu zake zote. "Bado haijaisha."

Akainywa. Angefanya nini? Ng'ombe walikuwa wetu.